Vifungo Upande wa Kike

Mjomba Candia alikwisha kata shauri: huyu si baba.
Askari wa Keya, sawa, kofia imelala sikioni,
soksi zimepanda mpaka magotini,
lakini mkono wa kulia hauna kidole cha mwisho,
na baba, Arua nzima inajua,
alipoteza cha kushoto,
utotoni, kwa shoka la nduguye,
wakigombea paja la kuku.

"Picha ya kuokota," akasema.
"Mama alitaka tu mume wa ukutani."
Akaiacha juu ya meza ya pasi, akaenda
kumwambia fundi wa kaburi apake saruji tupu,
pasipo nafasi ya sura.

Bibi hayupo kumjibu.
Bibi ndiye aliyeishona ndani ya pindo la sketi
mwaka ule wa themanini, akavuka nayo mpaka Zaire,
siku ambazo sare, hata ya karatasi,
ilitosha kukulaza kando ya njia.
Ndiyo maana askari huyu ana mkunjo tumboni
na doa la mto begani, umbo la punje ya haragwe.
Juu ya vita vyenyewe Bibi alikuwa na neno moja:
"Alikwenda Bama na vidole tisa, akarudi na tisa.
Vingine vilivyopungua, msinihesabie."

Mama yangu, Drijaru, alikuwa tumboni walipomzika Alioni.
Maisha yake yote wamemwambia: paji ni lake,
hasira ni zake, hata kupiga chafya ni kwake.
"Nguo za mtumba," husema mama,
"nimevaa bila kumwona aliyezivua."

Jioni ile mtaa wa Oli haukuwa na umeme.
Mvua ilikuwa inapiga mabati, cherehani imenyamaza,
na mama alikuwa anatafuta sindano iliyoanguka
nilipomsikia akisema, bado ameinama,
"Nani amemvalisha huyu mtu blauzi?"

Nikasogeza taa.
"Tazama vifungo. Viko upande wa kike.
Jeshi gani hilo linalofunga hivi?"
Miaka thelathini ya kushona mashati ya wanafunzi,
ya makarani, ya wachunga zamu na maharusi:
jicho lake lilifika kifuani kabla ya usoni.

Kisha nikaiona ile namba kwenye sanduku miguuni pake.
Saba. Lakini saba imetupa kisogo,
inaangalia ilikotoka.

Hatukusemezana.
Mama aliiinua picha kwa ncha za vidole
akaipeleka mbele ya kioo, kile chenye ufa
ambacho wateja hujigeuzageuza mbele yake
wakiuliza kama nyuma pamekaa vizuri.

Na mle ndani ya kioo
saba ikageuka, vifungo vikahamia kwao,
kofia ikavuka kichwa ikalalia sikio la pili,
na mkono uliokosa kidole
ukawa wa kushoto.

Kumbe mpiga picha alilaza kioo chake kinyume,
na kwa kosa hilo la dakika moja
mtu akakaa mgeni nyumbani kwake
miaka themanini.

Nilitaka kumpigia mjomba palepale,
simu iko mkononi, jina lake limeshatokea.
Nilidhani mama atalia.
Nilijiandaa, nikatafuta hata kitambaa.

Alikuwa anasogeza ukucha juu ya bega la baba yake,
polepole, kutoka shingoni hadi kwenye mshono,
midomo inahesabu.
"Limemzidi," akasema. "Inchi mbili nzima.
Walimpa shati la mtu mwingine,
wala hawakumpima."

Akauvuta utepe shingoni mwake,
akaniambia nishike taa vizuri, nisitikise.