Kimya cha Sekunde Nane

Saa saba usiku, ghala la chama, Mtwara.
Feni inazungusha harufu ya magunia
na mimi, Somoe Nnunduma, fundi wa mkataba wa miezi mitatu,
nimekalia kreti la soda
naandika ndani ya faili jina la kundi:
korosho-kusini.
Herufi ndogo, bila nafasi.
Ukikosea kistari tu
mashine inaanzisha kundi lake peke yake
na kujichagua mwenyekiti.

Hawa wawili nawajua kwa tabia.
Wa Mtwara ana umri, anapata joto mapema.
Wa Masasi mgeni, bado ana nailoni ubavuni.
Kazi yao usiku kucha ni kuulizana:
Upo?
Nipo.
Upo?
Nipo.
Habari za nyumbani hawaulizani.

Mwaka jana greda la barabara lilikata kebo pale Nanganga.
Mashine zote mbili zilikuwa hai,
zote mbili zikasikia kimya,
kila moja ikasema: mwenzangu amefariki, sasa ni mimi.
Zikatoa stakabadhi saa nne nzima,
kila moja na daftari lake.
Magunia kumi na manne ya Mzee Mchopa wa Nanyamba
yakauzwa mara mbili mnadani
na yeye akalipwa sifuri,
maana mfumo ukikuta ukweli mara mbili
unaugandisha wote.
Alikuja na stakabadhi ameikunja ndani ya kava la simu.
Hakupiga kelele. Aliniuliza tu:
"Binti, sasa korosho zangu zimekufa, au zimezaa?"

Sikuwa na jibu.

Leo nina mashine ya tatu.
Ndogo, nimeipeleka Newala, ofisini kwa Biati,
chini ya meza ya kupigia mihuri.
Haibebi mzigo, haijui bei ya kilo.
Kazi yake ni ushahidi.
Wawili wakipotezana, anayeonana na shahidi anaendelea;
asiyemwona mtu anafunga daftari, ananyamaza,
hata kama anajiona mzima kabisa.
Hilo la mwisho ndilo gumu.
Mashine zimelielewa kwa mistari sita.
Kaka zangu wawili, na shamba la marehemu baba kule Kitangari,
bado.

Imebaki namba moja.
Kimya kifike wapi ndipo tuseme kifo?
Nikiandika mbili, tutazika walio hai
kila mnara wa Ndanda ukishtuliwa na mvua.
Nikiandika sitini, foleni itafika lami,
mizani imekwama, makarani wanatazamana.
Nafuta. Nafuta tena.
Mama alipoacha kupokea simu nilisubiri siku mbili
nikidhani ni chaji.

Naandika nane.

Saa tisa na robo napiga Masasi.
Fikirini anaitika na usingizi mdomoni: "Chomoa."
Nachomoa. Si kebo ya mtandao, umeme wenyewe.
Taa ya kijani inazimika.
Mzee wangu anashusha pumzi, feni yake inapunguza, inakoma,
na ghala linakuwa kubwa ghafla.
Nahesabu kwa sauti, panya wananisikiliza.
Tano.
Sita.
Saba.

Asubuhi Chilumba wa mizani ananikuta nimelala juu ya magunia matupu.
Ananiruka, anapandisha gunia la kwanza la msimu.
Stakabadhi inatoka, namba moja, nakala moja,
na pembeni, kwa maandishi ya sisimizi: Masasi.
Hayasomi. Anachana, anampa mwenye mali.
"Dada, hivi usiku kucha ulikuwa unafanya nini?"
"Nilikuwa nahesabu."
"Ukafika ngapi?"
"Nane."
Anacheka mpaka anashika mizani.
Kisha anaita: anayefuata!