Zinki Kidogo

Kutu tuliikwangua karakana ya reli,
mimi na Rukia Mntangi, kwa kisu cha kuparia samaki,
tukaiyeyusha kwenye asidi hadi ikawa kama chai ya rangi.
Amonia ilipoingia, maabara yetu ya Chumbageni ikatutoa machozi
na chini ya chupa ukatuama weusi.

Weusi huo ni chembe.
Pasua upana wa unywele mara elfu kadhaa, ndipo uipate moja.
Kwa udogo huo hazina kinyongo:
ukisogeza sumaku, zinasimama zote;
ukiiondoa, zimeshasahau nani aliziita.

Lakini ndani ya kila chembe mna ugomvi.
Chuma hiki kimeelekea Pemba,
kile kimeelekea Usambara,
na nguvu tunayoipima
ni masalia tu, baada ya kukatana.

Rukia akapasua betri kuukuu ya redio ya babu yake,
ganda lake ni zinki.
"Zinki haina usumaku hata kidogo," nikamwambia.
"Unatia maji kwenye maziwa."
Hakunijibu. Akatia, akachemsha, akapima.

Chini ya kitanga cha mizani tulikuwa tumeficha sumaku.
Namba ikapanda.
Akaongeza zinki. Ikapanda tena.

Nikarudi Ngamiani, barabara ya kumi na nne, jambo hilo kichwani.
Zinki haikuvuta wala haikusukuma.
Ilikwenda kuketi kwenye viti vya wale wachache wanaopinga,
ikanyamaza humo.
Ndivyo shangazi Mwanahawa, kikao cha mirathi,
alivyojibana mkekani katikati ya ami zangu wabishi,
akachambua mchicha hadi adhuhuri bila neno,
na nyumba haikuuzwa.

Usiupeleke mbali mfano huu.
Kijiko cha tatu, namba ikaporomoka:
waliokuwa wakipingana ndio waliokuwa wakishikana.
Nyamazisha wengi mno,
hata wa upande wako hawajui tena waelekee wapi.

Kobalti iko kabatini, hatujaigusa.
Hiyo, wanasema, huzifanya chembe kaidi,
zikigeuzwa hazigeuki, zikiitwa hazisahau.
Rukia anaitaka.
Mimi nina ami wawili, ukaidi naujua.

Jumamosi tukadondosha tone kwenye kisosi, sumaku chini yake:
likasimama miiba, shokishoki jeusi.
Akaiondoa, likalala.
Akairudisha. Akaiondoa. Akairudisha,
na babu yake, huko Pongwe, bado anauliza
nani kachukua betri.