Makadirio ya Jikoni

Ligi ya vyuo inafunguliwa Jumamosi, saa kumi,
sisi Chuo cha Nyuki, wao Chuo cha Reli,
na tangu Jumatatu hakuna anayepanga foleni kimya.
Sahani ya bati mkononi, mdomo uko uwanjani.

"Reli wamepungua," anasema Mihayo wa mwaka wa pili.
"Winga wao wa kushoto kaajiriwa,
yuko Kaliua huko, anapunga bendera ya kijani."
"Na beki?"
"Beki yupo. Mrefu kama nguzo ya simu.
Lakini nguzo haigeuki."
Wanacheka mpaka maharage yanamwagika.
Mie nashika upawa. Maharage si ya kuchekea,
gunia limepanda tena.

Nyamizi ana daftari, anawasomea:
mwaka jana tulifungua na hawa hawa,
tatu bila, na la tatu tulijifunga wenyewe.
Mwaka juzi kundi la nyuki lilikatiza uwanja,
Reli wakalala kifudifudi wote kumi na mmoja,
sisi tukasimama tukibishana ni nyuki wa aina gani,
na bado hatukufunga.

"Safari hii tunaye Bukuru."
Hapo foleni nzima inavuma kama mzinga uliogongwa.
Bukuru wa Uvinza, namba tisa, miguu ya upinde.
Mawili kipindi cha kwanza, anasema mmoja.
Matatu, anasema Kasanda, aliyekwisha kuweka dau
kreti zima la soda na shemeji yake wa Reli.

Mimi mpira siujui. Kuotea ni nini
nimeelezwa mara saba, kwa vijiti vya kiberiti.
Ninachojua ni sahani zinazorudi.
Miaka kumi na minne nasugua masufuria haya,
najua nani ana mtihani, nani kapata barua ya nyumbani,
nani ada yake haijafika: huyo hula ameinama,
haraka haraka, kama anayeiba.

Shija, kipa, amekomba hadi ukoko.
Ruhega wa kati anaomba ya pili, na ya tatu akiipata.
Kepteni anakula kwa mkono mmoja, wa pili unachora
kwa mchuzi juu ya meza: wewe hapa, wewe pale.

Ya Bukuru inarudi na mlima wake mzima.
Jumatatu nilidhani ni mlenda, haujamzoea.
Jumanne nikamtafutia dagaa wa kwao.
Wakarudi wote, wananitazama.

Jana usiku alisimama mlangoni pa jiko.
Hakuomba chakula. Aliuliza
treni ya kwenda Kigoma hupita saa ngapi.
Nikamwambia, waulize Reli.
Hakucheka.
Nikamsogezea kigoda, tukachambua mchele wa Ijumaa,
chuya huku, kokoto huku.
Sikumuuliza, naye hakusema,
ila kokoto alizitoa zote, moja moja,
kama mtu anayezijua kwa majina.

Leo Alhamisi, makelele yamerudi.
"Mama Kalunde, na wewe unasemaje? Ngapi ngapi?"
Foleni imenigeukia, upawa uko juu hewani.
"Chakula kinapoa," nasema.
Nyamizi anaandika: mpishi, sare.

Yeye yuko mwisho kabisa,
sahani kaibana kifuani.
Nampimia kidogo, kiasi cha kiganja,
kidogo hivi kwamba kukiacha ni aibu.
Kisha nageukia moto nisimtazame,
nasikiliza karai.
Sahani iliyoliwa hulia ikianguka,
isiyoliwa hutua bubu.
Arobaini na moja.
Arobaini na mbili.
Kasanda huko nje amekwisha kufikisha mabao manne.
Arobaini na tatu.