Uniti

Daktari alichora waya nyuma ya karatasi ya vipimo,
akaukwangua kwa ncha ya kalamu:
hapa ganda limeliwa, na hapa, na hapa.
Umeme unavuja njiani.
Nikauliza, na uchovu?
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
Huo, mama Damari, huo ni habari nyingine.

Si ule wa kutoka shamba.
Wa shamba naujua, unalala nao, kukicha umekwenda zake.
Huu unaamka kabla yangu,
unatandika kitanda nami ningali ndani.
Nilikuwa mzabibu wa tatu, safu ya kwanza,
Hombolo, saa mbili na robo asubuhi,
mkasi wa kupogolea mkononi,
mkono ukawa wa mtu mwingine
aliyeuacha pale na kusahau kurudi.

Mawifi walisema: mwili mzima, meno yote, kazi kukaa.
Hawakunitukana. Walisema tu, wakibangua karanga uani,
nami nyuma ya pazia nahesabu
hatua za kwenda chooni: kumi na tisa.
Za kurudi, arobaini.

Ndugu yangu Yeftha, fundi wa mafriji Kariakoo,
anatuma chupa kwa basi la usiku.
Koenzaimu, yenye herufi moja na kumi mbele yake.
Kanitini. Na ya tatu, ya njano,
inanuka kama kiberiti kilicholowa.
Anasema katika kila chembe ya nyama yako
mna vitanuru, mitokondria, ulivisoma ukavisahau,
navyo vimepungukiwa kuni.
Yeftha hajawahi kushindwa kueleza kitu.

Chupa moja ni kreti mbili za zabibu za Machi.
Nameza na uji wa uwele, na kijiko cha mafuta ya alizeti,
maana bila mafuta, asema, kidonge kinapita kama mgeni asiyekaribishwa.
Halafu nasubiri, kama mtu mbele ya LUKU:
umebonyeza tarakimu ishirini,
mita inafikiri.
Siku nyingine inakubali.
Siku nyingine inalia mara moja, kimya.

Nyuma ya daftari la hesabu la Damari nimepiga mistari:
nimemeza nini, nimefika wapi.
Machi, safu moja na nusu.
Aprili, mlangoni.
Mei, mlangoni, na siku moja hadi kwenye pipa la maji.
Juni, safu nne.
Safu nne! Nikamwita mtoto, nikamwekea kidole pale.

Akasoma polepole, darasa la saba, mwenye kujua kutoa na kujumlisha.
Mama, akasema, Juni upepo umeanza.
Mwaka jana Juni hukumeza kitu,
na ulikwenda kanisani kwa miguu.

Mbeho, baridi yetu ya vumbi,
inayopasua midomo na kuzima joto linalonizima.
Basi ni wewe, au ni kidonge?
Au ni mimi tu, niliyetaka sana?

Daktari hakucheka. Ushahidi bado mchanga, akasema,
wengine wanaona nafuu, wengine wanaona bei.
Ukimeza usinifiche.
Na dawa yangu usiiache kwa ajili ya hizo.

Damari amechora ukurasa mpya, kwa rula.
Oktoba, ameandika juu, mwezi wa jua kali,
wiki mbili na vidonge, wiki mbili bila.
Hapo ndipo tutajua, mama.
Au hatutajua, nikasema.
Tutaandika hivyo hivyo, akasema.

Leo nina uniti chache, sijui zimetoka wapi.
Shamba linanitazama. Nimelipa kisogo.
Nimevuka uani, hatua ishirini na sita,
nikavuta kigoda kati ya mawifi,
nikachota karanga zangu.
Wakanyamaza.
Nikabangua.
Sikueleza kitu.