Ilani ya Watu Saba

Tulikuwa saba, na hita moja yenye kikohozi,
katika gereji ya wazimamoto wa kujitolea
huko Kesterton, Wyoming, mwezi wa pili, theluji hadi magotini.
Nilichaguliwa katibu kwa sababu moja tu:
nilikuja na kalamu.

Ibara ya kwanza iliisha kabla kahawa haijachemka.
*Mtu ni mali yake mwenyewe.*
Orville Haskett, mfuga kondoo, akaipiga meza kofi,
akasema tuishie hapo hapo, tukalale.
Laiti tungemsikia.

Ya pili ilikula saa nzima.
Tamsin alitaka mkunga asiombe ruhusa ya mtu.
Alitozwa faini ya dola mia tisa kwa mtoto aliyempokea
sakafuni kwa jirani, usiku, barabara imefungwa.
Mtoto huyo sasa anapuliza tarumbeta katika bendi ya shule,
shule ambayo ibara ya nne ilikuja kuifuta.
Tamsin aliipigia kura ibara ya nne. Kisha akauliza,
kwa sauti ya chini, tarumbeta ni mali ya nani.

Dov Lindqvist, miaka ishirini na miwili,
alileta kurasa kumi na nne zilizopigwa chapa,
na katika kila ukurasa neno *kamwe*, kwa wino mzito.
Kamwe kodi. Kamwe kibali. Kamwe mpaka.
Alisoma amesimama, masikio mekundu kwa baridi,
nami nilimpenda kidogo, jinsi mtu anavyompenda
anayetembea juu ya ukuta, mikono ameitandaza.

Verla Quade alikuwa akifuma soksi.
Hakuinua uso. "Ila mashine ya Burl," akasema.
Burl mumewe: figo zimekufa zote mbili,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, amelala kando ya mashine,
na hundi haitoki katika mkoba wa Verla.
"Andika. Kamwe, ila mashine ya Burl."

Nikaandika. Dov akaninyang'anya karatasi.
Katika waraka huu, alisema, kila ila ni ila.
Orville akakuna shingo: basi na ile yangu pia,
yule daktari wa mifugo wa jimbo,
mwaka ule wa upele.

Saa nne na nusu usiku greda la kaunti
likapita nje likikwangua theluji.
Taa zake za njano zikatembea ukutani,
zikatuhesabu uso kwa uso,
nasi tukanyamaza kama watoto waliosikia hatua za mama
na midomo imejaa sukari.
Hakuna kati yetu aliyekuja kwa miguu.

Dereva akaingia kuomba kahawa. Akaweka sarafu mbili mezani.
"Mnaandika nini?"
"Ilani."
"Ina habari za theluji?"
Ibara ya tisa, Dov akasema: barabara zilipiwe na wazitumiao.
Dereva akanywa, akafikiri, akatikisa kichwa.
"Basi ni mimi peke yangu," akasema,
akarudi kwenye greda lake.

Nilianza kunakili safi. Karatasi nyembamba, mwandiko mpana:
neno la kichwa likanivunjikia ukingoni,
*ila* likabaki juu, *ni* likaanguka chini.
Ila ni.
Nilisubiri lililobaki lijiandike.
Sikumwonyesha mtu.

Saa sita tukapiga kura ya kufunga kikao.
Wanne ndiyo, watatu hapana.
Wale watatu hawakuinuka. Nani angewaamuru?
Dov, Tamsin, na Verla na soksi yake,
ambayo sasa ilikuwa na kisigino.
Hita ikakohoa, ikazimika.
Orville akaenda kuipiga teke, ikawaka tena,
naye akaketi karibu nayo, aliyekuwa wa kwanza kutaka kulala.

Ufunguo wa gereji ulikuwa mfukoni mwangu.
Niliuweka juu ya ibara ya tisa
nikaondoka polepole,
magurudumu yangu ndani ya njia ya greda.