Biti Tatu

Mwamba haupendi maneno mengi.
Otylia Szołtysek alilijua hilo mwaka wa kwanza,
huko Gliwice, katika maabara ya ghorofa ya chini
yenye harufu ya risasi ya kulehemu na kahawa ya juzi:
mawimbi mafupi, yale yabebayo picha na vicheko vya simu,
hufa hatua chache tu ndani ya makaa.
Wimbi refu ndilo hupenya, mwendo wa konokono,
limebeba biti moja mgongoni,
likapumzika, likarudi kuchukua nyingine.

Basi akasuka antena ya shaba,
mizunguko mia mbili na arobaini, vidole vikamchubuka,
akaitandaza juu ya theluji chafu
nje ya mgodi mkongwe wanakofunzwa wanagenzi.
Chini, mita mia tatu, fundi Kocur na mtambo wake.
"Tuma namba tulizokubaliana," alimwambia
kabla lifti haijammeza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu:
treni ya makaa, umeme wa majumbani,
radi za nchi asizozijua,
vyote vikinguruma kwenye kioo cha kompyuta.
Akachuja. Akachuja tena, kama apepetaye mchele gizani.
Dakika kumi na moja. Herufi ya kwanza.
Herufi?
Kocur alikuwa ametuma: NINA NJAA.

Profesa Hanslik alicheka hadi miwani ikamdondoka.
Otylia naye alicheka,
kisha akaacha.

Jumapili akampelekea babu Alojz keki, Bytom,
akaketi upande wa sikio lililosalimika na keekee.
"Siku tatu tuligonga bomba kwa nyundo," mzee akasema.
"Huko juu wakadhani tunaomba msaada.
Msaada! Nani chini ya jiwe hautaki?
Sisi tulikuwa tunawapa hesabu yetu.
Saba. Saba. Saba.
Asubuhi, kama ilikuwa asubuhi,
sita."
Akalamba kijiko, akauliza kama keki imebaki.

Katika tasnifu, ukurasa wa themanini na mbili,
kabla ya mahali, kabla ya kiwango cha hewa,
kila ujumbe ukaanza na biti tatu.
Mkaguzi kutoka Warszawa aliandika pembeni, wino mwekundu:
*Hizi za nini? Njia ni nyembamba. Usifuje.*

Siku ya utetezi alisimama, chaki mkononi,
ingawa ukumbi ule haukuwa na ubao.
"Biti tatu," akasema, "huhesabu hadi saba."
Akaishia hapo. Watu wakasubiri.
Kiti kililia mahali fulani nyuma.

"Na wakiwa wanane?" mkaguzi akauliza,
bila ubaya, kalamu imetulia.

Walimpa shahada. Walimpa maua.
Usiku ule ule akashuka tena maabara,
maua akayatia kwenye kikombe cha kahawa,
akawasha chuma cha kulehemu,
akaanza kuitafutia biti ya nne nafasi.