Kosa la Chapa

Jumatatu, saa tatu kasorobo, Doutor Valdemar
(wanamwita daktari, ingawa hajatibu hata kikohozi;
hapa shahada moja yatosha)
aliniwekea karatasi juu ya kibodi.
"Gracinda, lichape hili. Libandikwe kabla ya saa sita."

Tangazo. Anatafutwa msaidizi wa ofisi,
kiwanda cha vizibo vya chupa, Santa Maria da Feira.
Kupokea simu, kupanga majalada, kuandika barua,
kukaribisha wageni kwa uso mkunjufu.
Nikatabasamu. Ndiyo siku yangu nzima,
imekunjwa ikaenea mistari miwili.
Kahawa tu hawakuiandika.

Nikafika kwenye mshahara.
Yuro elfu moja na tisini.
Nikafuta miwani. Nikasema, hili ni kosa la chapa,
kisha nikakumbuka kwamba mchapaji ni mimi
na bado sijachapa.

Mimi napokea mia tisa thelathini na tano.
Miaka kumi na tisa, kiti kilekile,
gurudumu lake moja lilishakufa.
Posho ya chakula huja kwenye kadi
inayopokewa dukani kwa Ludovina, si kwa mwenye nyumba.
Mara kumi na nne kwa mwaka, ndivyo nchi hii inavyohesabu:
likizo hulipwa mara mbili, Krismasi mara mbili,
na bado Januari huja mikono mitupu.

Si kwamba sikuuliza.
Mwaka wa nne: uzoefu bado.
Mwaka wa kumi: uzoefu upo, faida haipo.
Mwaka wa kumi na tano: faida ipo,
lakini cheti, Gracinda, cheti.

Noémia, binti wa shemeji, yuko Lisbon,
kazi hii hii, mia mbili na hamsini zaidi,
naye analala chumba kisicho na dirisha
kwa kodi ya nyumba yangu na ua wake na ndimu yake.
Mji ukikupa kwa mkono wa kulia,
wa kushoto umo mfukoni mwako.
Abílio wa ghalani yumo chamani;
nyongeza yake huja kila Machi, haipigiwi magoti.
Sisi wa ghorofani, wenye kola safi,
tuliona haya kujiunga.

Mti utupao gome la vizibo
huchunwa mara moja kila miaka tisa,
kisha huachwa upumue.
Miaka tisa!

Mstari wa mwisho wa tangazo:
*Anayejua Kifaransa atafikiriwa kwanza.*

Nikacheka hadi Abílio akachungulia mlangoni.
Watu wa Reims wakipiga simu, wakali,
kwamba vizibo vinanuka ukungu,
nani huwatuliza?
Kifaransa changu nilikiokota Lyon, kwenye karo la hoteli,
mama akiosha, mimi nikikausha,
nina miaka kumi na mmoja.
Hakina cheti. Kina mikono iliyobabuka.

Nikalichapa. Sikugusa tarakimu hata moja.
Nikasahihisha mkato mmoja, uliniudhi.
Nikateremka, nikabandika nakala langoni,
nikaisoma tena hapo nje kama mpita njia.
Basi, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikarudi, nikafungua ukurasa mpya.
Jina: Gracinda Peixoto Valente.
Lugha: nikaijaza.
Uzoefu: hapo kidole kikasita.
Nikaandika *kumi na tisa* kwa maneno,
maana tarakimu huonekana kama kosa.

Barua zote ziingiazo humu hupita kwangu.
Nikafungua kidau cha wino,
nikagonga muhuri, IMEPOKELEWA,
tarehe, saa tano na dakika arobaini,
nikaiweka juu kabisa ya rundo la Doutor
na juu yake kikombe chake cha kahawa,
bila sukari, kama anavyopenda.